Tairi Lililokaa Juu ya Mafiga

Swali nililoulizwa zaidi kuliko yote katika kibanda changu pale mtaa wa Bagamoyo, hapa Tukuyu mjini, halikuwa la plagi wala la moshi. Lilikuwa hili: "Fundi, tairi hili litanifikisha wapi?" Anayeuliza amechuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, anapapasa mpira kwa kiganja kama mtu anayepapasa mgongo wa ndama anayetaka kumuuza. Anataka jibu moja tu: bado. Ukimwambia bado, anakushukuru na kuondoka na furaha. Ukimwambia limekwisha, anakuuliza kama una uhakika, kisha anakwenda kumuuliza fundi mwingine.

Sasa nimepumzika. Hakuna aliyenistaafisha, ni magoti yaliyokataa. Ukichuchumaa kwa zaidi ya miaka thelathini katika mji ambao mvua haikauki, inafika siku ambapo kuchuchumaa ni rahisi lakini kuinuka ni mjadala. Vijana bado mnanifuata nyumbani na maswali yenu, nami nawajibu nikiwa kwenye kiti. Leo naomba niyajibu kwa pamoja, maana nimechoka kuyarudia moja moja. Tena kuna jambo moja ambalo kila mara nalieleza nusu, kwa sababu nusu nyingine inanihusu mimi.

Tuanze na lile mnalolitaka. Bodaboda anayefanya kazi kila siku kwenye milima yetu, anayepakia watu wawili pale panapotakiwa mmoja, na mikungu ya ndizi siku ya soko, tairi lake la nyuma nimeliona likiisha ndani ya miezi sita au saba. Mwenye mkono mwepesi wa breki anafika mwaka. La mbele hukaa karibu mara mbili ya hapo, kwa kuwa la nyuma ndilo linalosukuma na ndilo linalobeba. Mtumishi anayekwenda kazini na kurudi, na Jumapili kanisani, anaweza kukaa na matairi yake miaka mitatu, hata minne. Hizo ni hesabu za macho yangu, na barabara yako inaweza kuzibadilisha. Mwenye kupita lami tu hatalingana na mwenye kupanda na kushuka kwenye mawe ya Kisondela.

Kuliwa kwa tairi ni rahisi kukuona. Ndani ya mifereji ya kashata, ile michoro inayong'ata barabara, kiwanda kimeweka vinundu vidogo vya mpira. Kashata ikishuka mpaka ikalingana na kinundu, tairi limekwisha. Sio linakaribia, limekwisha. Likiwa limechakaa katikati tu huku pembeni kuzima, ulikuwa unalijaza upepo kupita kiasi. Likichakaa pembeni zote mbili na katikati kuzima, ulikuwa unalinyima. Pima upepo asubuhi kabla hujaondoka, likiwa baridi. Ukiona mkia wa valvu umeinama upande mmoja, ujue mpira wa ndani unatembea ndani ya tairi. Simama ujaze kabla haujachanika. Na ukibadilisha tairi, badilisha na mpira wa ndani. Usivike shati jipya juu ya fulana iliyooza.

Nilikuwa na mteja mmoja wa Kawetele, mzee wa kanisa, mtu wa hesabu. Alijaza matairi yake upepo mpaka yakawa yanalia kama ngoma ukiyapiga kwa kidole. Nikamwambia, "Mzee, punguza." Akanijibu kwa upole, kama anayemwelewesha mtoto, "Fundi, tairi gumu linagusa barabara kidogo. Likigusa kidogo, litaisha kidogo." Kwa hesabu alikuwa sahihi kabisa. Liligusa kidogo mpaka kwenye kona moja likaacha kugusa, na mzee akatua katikati ya shamba la chai. Hakuumia. Alikuja kibandani akiwa na majani mawili na kichipukizi juu ya kofia, kama aliyechuma mwenyewe.

Wapo pia waliochonga kashata mpya kwa kisu cha moto kwenye tairi lililokuwa kipara. Kazi hiyo inapendeza machoni. Lakini unachochonga ni ule mpira mwembamba uliobaki kati yako na nyuzi, na nyuzi zikianza kuonekana, tairi hilo linakwenda kupasuka siku ambayo umempakia mama mjamzito. Msichonge, nawaomba.

Na mimi nilikosea, tena mapema. Matairi mengi yana mshale pembeni unaoonyesha yazungukie wapi. Mwaka wangu wa kwanza nilifunga la mbele mshale ukiangalia nyuma. Mwenye pikipiki alikuwa muuguzi wa zahanati, mama mpole. Aliendesha wiki nzima kwenye mvua, akarudi akaniambia, "Fundi, pikipiki yangu siku hizi inataka kurudi nilikotoka." Nilifungua nikageuza, sikumweleza kwa nini. Nilikuwa kijana, nilidhani fundi akikiri kosa wateja wanakimbia.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Ambokile. Alikuwa fundi wa baiskeli kabla pikipiki hazijajaa huku, mtu wa maneno machache, na machache hayo nusu yake yalikuwa Kinyakyusa. Alinifundisha kutumia maji ya sabuni wakati wa kuvisha tairi badala ya kulazimisha kwa bisibisi. Alinifundisha kuzungusha gurudumu na kusikiliza kabla ya kutazama. Na alinifundisha mahali pa kuhifadhi tairi jipya.

Mnaujua mji wetu. Hapa viatu vinaota kuvu chini ya kitanda. Biblia inaota kuvu. Mkanda wa suruali ukiuacha mwezi, unaukuta umevaa manyoya ya kijani. Basi Mzee Ambokile alikuwa akitundika matairi ya baiskeli jikoni, kwenye fito zile za juu ya mafiga, pamoja na mahindi ya mbegu. "Hapo kuvu haji," alisema, "wala panya haji." Nami nikaona kweli. Matairi yake yalikuwa makavu, meusi, yanang'aa kwa masizi.

Kwa baiskeli haikuwa na madhara makubwa. Tairi la baiskeli likikakamaa, utarukaruka njiani na kumlaumu aliyechonga barabara. Mwendo ni mdogo, uzito ni mdogo. Mzee Ambokile alikuwa na haki ya kusema alichosema. Mimi ndiye niliyechukua neno la baiskeli nikalivalisha pikipiki.

Pikipiki zilipoongezeka, watu wa vijijini walikuwa na desturi ambayo mpaka leo naisifu. Parachichi zikiuzwa, fedha ipo. Tairi linaweza kuisha mwezi ambao shambani hakuna cha kuuza, na mvua ndiyo hiyo. Kwa hiyo wengi walinunua tairi mapema, wakati wanacho, wakaliweka. Kisha walinijia. "Fundi, tuliweke wapi lisiharibike na unyevu huu?"

Nami nikawajibu kwa sauti ya mtu anayejua: "Juu ya mafiga, pamoja na mbegu."

Nilisema hivyo miaka na miaka. Nilisema Kawetele, nilisema Kisondela, nilisema hapahapa mjini. Kuna mwenye duka mmoja aliyewahi kunibishia, akasema mpira hautaki joto, nikamwambia yeye auze, mafundi tufunge.

Dalili zilikuwepo. Tairi lililotoka jikoni lilikuwa gumu kulivisha kwenye rimu, linakataa kama ndoo ya plastiki. Mimi nikaona huo ni ubora. Na kilichonidanganya zaidi ni hiki: matairi yale yalidumu. Yalidumu kuliko mengine yote! Mtu anakuja baada ya mwaka, kashata bado ndefu, nami namwambia, "Unaona? Hilo ndilo tairi." Tulikuwa tunapima jambo moja tu, muda, na kwa kipimo hicho tairi lililokauka lilikuwa bingwa. Mpira uliokakamaa haulambi barabara, kwa hiyo hauishi. Lakini kulamba kule ndiko kunakokushikilia usianguke.

Sasa niwaeleze habari za Ipyana.

Ipyana alikuwa bodaboda wa Kisondela, kijana wa mama mjane mwenye migomba na miparachichi michache. Kijiwe chake kilikuwa njia panda, na kati ya wote waliokuwa pale yeye ndiye ambaye akina mama walimchagua kuwapeleka watoto kliniki. Hakuwa mwepesi wa mdomo wala wa mwendo. Wenzake walimtania kwamba ukipanda kwake utafika, ila chakula utakikuta kimepoa.

Siku moja aliniletea tairi alilonunua yeye na mama yake. Lilikuwa limekaa juu ya mafiga misimu miwili ya mvua, kama nilivyomwelekeza. Lilikuwa linanuka moshi kibanda kizima.

"Ipyana," nikamwambia, "tairi lako linanukia kama samaki wa kukausha."

"Mama anasema njaa ikizidi nilichemshe," akajibu.

Tukacheka. Nikalivisha mbele. Lilinisumbua karibu saa nzima, nikalisifu kwa ugumu wake, nikamwambia hilo hatalibadilisha mpaka aoe.

Wiki ya tatu, asubuhi, manyunyu yanashuka, Ipyana alimpakia Madam Zawadi, mwalimu kutoka Shinyanga ambaye alikuwa bado hajamaliza mwaka kwetu. Walikuwa wanateremka kuelekea darajani. La nyuma likiteleza linakupa nafasi, unahisi kiuno cha pikipiki kinacheza, unarekebisha. La mbele halikupi kitu. Linaondoka, na wewe uko chini. Ipyana alichubuka tu. Madam Zawadi alivunjika mguu chini ya goti.

Kijiwe kile kilikuwa na sheria yao. Atakayemwangusha abiria kwa uzembe anavua kizibao cha kijiwe, na akivua hapo hakuna kijiwe kingine cha njia hiyo kitakachompokea. Kikao kilipangwa Jumamosi. Mama yake na wadogo zake watatu walikula kwa pikipiki ile, kila mtu alilijua hilo, na kila mtu alikuwa na hakika Ipyana alikuwa kwenye mwendo kasi. Mwalimu wa watu, mgeni, amevunjwa mguu. Lazima awepo mwenye kosa.

"Nilikuwa gia ya pili," Ipyana aliwaambia.

"Kila anayeanguka alikuwa gia ya pili," alijibu Lusajo, mwenyekiti wa kijiwe.

Alhamisi waliniletea pikipiki ninyooshe fomu za mbele, zile nguzo mbili zinazoshika gurudumu. Ipyana hakuja nayo, alikuwa amejifungia kwao. Nililiinua gurudumu nikalizungusha, nikasikiliza, kimya. Nikatazama kashata: zote zimo, ndefu, kama za jana. Nikawa najiambia, basi kweli kijana alikimbia. Kisha, sijui kwa nini, nikakandamiza mpira kwa ukucha wa kidole gumba.

Ukucha uliteleza. Uliteleza kama kwenye kikombe cha udongo.

Nikaenda kwenye tairi la nyuma la pikipiki hiyohiyo, lililochakaa, nikakandamiza. Ukucha ulizama, ukaacha alama, na alama ikajifuta taratibu. Nikarudi la mbele. Nikalikunja kidogo kwa mikono, nikaona nyufa nyembamba kama nywele zinafunguka katikati ya kashata.

Hapo nikakumbuka tarakimu. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Ukikuta 3522, maana yake ni wiki ya thelathini na tano, mwaka 2022. Likipita miaka mitano lichunguze kila mara hata kama kashata zimejaa. Likifika kumi litoe bila kuuliza. Nilitarajia kukuta tairi la Ipyana ni zee, mwenye duka kamdanganya, nami nipone. Lilikuwa la miaka mitatu tu.

Nilikuwa na jingine la aina hiyohiyo kwenye boksi kibandani, toka duka lilelile. Nikalitoa nikasoma: mwaka uleule, wiki zinafuatana. Nikakandamiza ukucha. Ukazama.

Nilikaa chini. Yalikuwa matairi mawili ya tumbo moja, na tofauti yao ilikuwa jiko. Na jiko lilikuwa neno langu.

Nitawaambia ukweli, vijana wangu, maana nimechoka kuubeba. Jambo la kwanza nililofikiria ni kulitupa lile tairi. Hakuna aliyejua. Ningefunga jipya, ningenyoosha fomu, Jumamosi ingepita. Kibanda kingebaki na jina lake. Nilifunga mapema nikaenda nyumbani, nikamweleza mke wangu, kwa sababu sijawahi kumficha kitu kikafichika.

Alinisikiliza, kisha akauliza, "Wangapi?"

"Wangapi nini?"

"Uliwaambia wangapi waweke jikoni?"

Nilijaribu kuwahesabu nikashindwa. Yeye hakusubiri jibu. Aliingia jikoni, nikasikia anavuta kigoda, na baada ya dakika mbili alitoka na matairi mawili, moja kila mkono, masizi mpaka kwenye viwiko. Yalikuwa ya pikipiki ya kijana wetu. Nilikuwa nimeyaweka mimi mwenyewe.

"Anza na haya," akasema.

Jumamosi nilifika kijiweni nimebeba matairi mawili begani, la Ipyana na lile la kwenye boksi. Walikuwa wamekaa chini ya paa la mabati, kizibao cha Ipyana kimekunjwa mezani mbele ya Lusajo. Ipyana amesimama pembeni, anatazama viatu vyake. Mama yake alikuwa ng'ambo ya barabara, hakuruhusiwa kuingia kikaoni, na hakuondoka.

"Shikamoo, Fundi," Lusajo alisema. "Umekuja kumtetea mteja wako?"

"Marahaba. Nimekuja kujishtaki."

Wakacheka. Mmoja akapiga mluzi. "Oya, mzee naye alikuwa gia ya pili!"

Niliwaacha wacheke. Kisha nikayaweka matairi juu ya benchi, nikawaambia kila mmoja apite akandamize ukucha kwenye moja, halafu kwenye jingine. Walipita mmoja baada ya mwingine, mwanzoni kwa mzaha. Wa nne hakufanya mzaha tena. Nikawaeleza kama ninavyowaeleza ninyi, polepole, kwamba tairi hushika barabara kwa ulaini wake, kwamba joto la kila siku linaukausha mpira kama linavyokausha mahindi, na kwamba kashata ndefu kwenye mpira uliokauka ni meno ya bandia.

"Nani alimwambia aliweke jikoni?" aliuliza Lusajo.

"Mimi."

Kisha kijana mmoja wa nyuma akasema taratibu, "Hata mimi uliniambia." Na mwingine, "Mimi langu lipo juu mpaka sasa hivi." Na wa tatu alikuwa amekwisha toka nje, amepiga goti kando ya pikipiki yake, anakandamiza gurudumu la mbele. Alirudi uso umebadilika.

"Mzee, nimebeba wanafunzi na hili tangu Pasaka."

"Najua," nikasema.

Walinisema, na nilistahili. Mmoja akaniita Fundi Jikoni, na jina hilo limenikaa hadi leo. Mkienda Kisondela mkaulizia Fundi Jikoni wataelekeza mpaka mlangoni. Lakini Lusajo, ambaye nilimdhania mtu mgumu, alikichukua kile kizibao akakikunjua, akakikung'uta, akamrushia Ipyana. Ipyana alikidaka. Hakukivaa palepale. Alivuka barabara akampa mama yake akishike.

Lusajo akanigeukia. "Sasa twende kwa Madam ukamwambie mwenyewe."

Tulimkuta chumbani kwake, mguu umewekwa juu ya mto, plasta imejaa majina ya wanafunzi. Nilimweleza yote. Alisikiliza kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi aliyechelewa. Nilipomaliza alisema, "Tulikuwa tunakwenda polepole sana. Nilikuwa namwambia aongeze, nimechelewa kipindi. Nimekaa hapa siku tano, watu wamekuja kunipa pole na ndizi, hakuna aliyeniuliza."

Lusajo alitazama chini. Mimi pia.

"Fundi," akaendelea, "mimi nikikosea ubaoni nafuta. Wewe umeandika kwenye majiko ya watu. Utafuta vipi?"

Nilifuta kwa miguu. Kibanda kilifungwa nusu ya kila juma kwa miezi mingi. Pale pikipiki ilipofika nilipanda, pale isipofika nilitembea, na magoti haya mnayoyaona hayakuharibikia kibandani peke yake. Nilikuwa nabisha hodi, "Mama, nimekuja kushusha tairi." Wengine walicheka wakanikaribisha chai. Wengine habari zilikuwa zimenitangulia, nikakuta tairi limekwisha kugeuzwa viatu vya katambuga, jozi tatu nzima na mabaki. Bibi mmoja wa juu kabisa, karibu na msitu, alikataa katakata.

"Ulisema hapa," akanionyesha juu ya moto. "Leo unasema si hapa. Kesho utasema wapi?"

"Chumbani, bibi. Mahali pakavu, pasipo na jua wala moto, mbali na mafuta ya taa. Ulifunge kwenye mfuko mweusi, ulisimamishe, usililaze kwenye sakafu yenye unyevu."

"Kuvu je?"

"Kuvu utaifuta kwa kitambaa. Ukavu haufutiki."

Alichochea moto, moshi unatuzunguka. Kisha akasema, "Wewe mtoto wa watu umechoka. Kaa ule." Alinipa kande. Tairi hakunipa siku ile. Nilirudi mara tatu, na mara ya tatu nilikuta amelishusha mwenyewe, amepandia maua.

Sikuyafikia yote, ninajua. Kuna majiko ambayo wenyewe walihama, na mengine sikukumbuka kabisa kwamba niliwahi kusema neno pale. Ndiyo maana nawaambia ninyi. Ukikuta tairi limetundikwa juu ya mafiga, kwa bibi yako, kwa shangazi, mahali popote, kandamiza ukucha. Usiulize lina miezi mingapi barabarani. Uliza limekaaje kabla halijafika barabarani. Na ukinunua mapema, usinunue la kukaa zaidi ya msimu mmoja, na usome tarakimu kabla hujalipa. Lililo jipya dukani linaweza kuwa na umri mkubwa kuliko lililo chini yako. Na ukishavisha jipya, siku mbili tatu za kwanza nenda taratibu, lina utelezi wa kiwandani.

Mnauliza pia kuhusu Ipyana. Yupo, na kijiwe ni kilekile. Madam Zawadi alipona, anachechemea kidogo siku za baridi, na mpaka alipohamishwa alikuwa hapandi pikipiki nyingine ila yake.

Wiki moja baada ya kikao nilikuwa nimemwekea tairi jipya, nikimsubiri aje nimvishie kwa mikono yangu. Alikuja. Alikuwa na mkungu wa ndizi kutoka kwa mama yake. "Shikamoo, Fundi," akaniamkia kwa heshima yote, akanikabidhi mkungu kwa mikono miwili, tukazungumza habari za mvua. Nilipotazama pikipiki yake niliona mbele kuna tairi jipya, tayari limefungwa. Kazi nzuri, mshale umekaa sawa. Haikuwa kazi yangu.

Hakuniletea pikipiki yake tena. Mke wangu alipougua, Ipyana ndiye aliyempeleka na kumrudisha hospitali kila juma, hakukubali nauli. Msiba ukitokea kwetu anafika wa kwanza kupasua kuni. Lakini bolti moja ya pikipiki ile sijaigusa tangu siku hiyo, na hatujawahi kulisema.

Siku nilipofunga kibanda alikuja kunisaidia kuhamisha vyombo. Alibeba pampu, alibeba boksi la spana, akarudia meza peke yake kichwani, mimi nimekaa kwenye ndoo naelekeza kwa kidole. Pikipiki yake alikuwa ameiegesha ng'ambo ya barabara, nyuma ya duka la vitenge, mahali ambapo kutoka nilipokaa sikuweza kuyaona matairi yake.

Sikumlaumu. Ningekuwa yeye, ningeiegesha mbali zaidi.